Je, Watu Wachache Waweza Kutengeneza Mchezo Mzuri wa Polisi?

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu wa Ijumaa, hoja iliyowekwa mbele ya chama ilikuwa hii: kwamba studio ndogo za michezo ya kompyuta haziwezi kutengeneza mchezo mzuri wa kuiga kazi ya polisi. Mimi nilipewa kuongoza upande wa kupinga. Nilishindwa kwa kura 61 kwa 38, na nilishindwa kwa haki, maana nilisema vibaya. Nilisimama, nikataja majina ya michezo na tuzo ilizopata, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa dukani, kisha nikaketi. Mwalimu anayesimamia mdahalo aliniambia baadaye kwamba nimeeleza vizuri jinsi michezo hiyo ilivyosifiwa, lakini sikueleza hata kidogo kwa nini ni mizuri. Neno hilo lilinikaa moyoni likizo nzima ya Juni. Basi namwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niseme sasa yale niliyopaswa kuyasema siku ile, pamoja na jambo moja lililonipata nyumbani ambalo siku ile nilikuwa bado silijui.

Kwa ajili ya wazazi na walimu wasiocheza michezo hii, yafaa nieleze maneno mawili. Mchezo wa kuiga kazi ni ule ambao mchezaji hapewi upanga wala mpira, bali hupewa kazi ya watu: kuendesha treni, kulima shamba, kurusha ndege, au kushika zamu ya polisi, naye hupimwa kwa namna anavyoitenda kazi hiyo. Studio ndogo ni kikundi cha watu wachache, pengine kumi, pengine mmoja peke yake, wanaofanya kazi bila kumilikiwa na kampuni kubwa. (Wazazi wasiwe na wasiwasi. Shuleni simu haziruhusiwi, na kompyuta za maabara zetu hazina mchezo wowote. Yote nitakayoyasimulia niliyacheza likizoni, kwenye kompyuta ya kaka yangu anayesoma chuo cha ufundi.)

Msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono, ambaye ni rafiki yangu na jirani yangu wa kitanda bwenini, alijenga hoja yake juu ya mji. Alisema kwamba polisi hafanyi kazi katika chumba kitupu. Anahitaji barabara, magari, maduka, watu wanaotembea wakiwa na shughuli zao, mvua, usiku, redio inayoita. Mji wa namna hiyo, alisema, huchorwa na mamia ya watu kwa miaka mingi, na studio ya watu kumi ikijaribu itatoa mji wa makaratasi. Watu walimpigia makofi mengi, nami nakiri kwamba hoja yake haikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nimewahi kuucheza mchezo mmoja wa askari wa barabara kuu, ambao sitautaja jina lake, katika kibanda cha michezo karibu na stendi ya mabasi ya kwetu. Gari langu la doria lilizama kwenye lami hadi milangoni. Dereva niliyemsimamisha alinishukuru, akaingia ndani ya gari lake bila kufungua mlango, akaenda zake. Nililipia nusu saa, nikaondoka kabla haijaisha.

Walakini rafiki yangu alisahau jambo moja. Mji mkubwa kuliko yote tunaoujua katika michezo hii ni ule wa Los Santos, katika Grand Theft Auto V iliyotolewa na Rockstar mwaka 2013, na kweli ulijengwa na mamia ya watu. Lakini katika mji huo mchezaji ni mwizi. Polisi wamo tele, nao kazi yao ni moja tu: kukufukuza. Hawaandiki kitu, hawamwulizi mtu swali, hawana wasiwasi kama wamekosea. Fedha zote zile zilinunua mji, hazikununua polisi.

Ndipo nikaanza kujiuliza, kazi ya polisi ni ipi hasa? Mwaka 1987 kampuni ya Sierra On-Line ya Kalifornia ilitoa mchezo uitwao Police Quest. Aliyeubuni, Bwana Jim Walls, hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa askari mstaafu wa doria ya barabara kuu za Kalifornia. Picha zake zilikuwa duni sana, watu wana nyuso bila macho, na mchezaji huandika amri zake kwa maneno. Huu sikuucheza, nimeusoma habari zake na kuwatazama wengine wakiucheza. Ukitoka kituoni ukaingia ndani ya gari bila kwanza kulizunguka na kulikagua, gurudumu linapasuka na mchezo umekwisha. Ukimpeleka mahabusu gerezani bila kwanza kuifungia bastola yako kabatini, mahabusu anaichukua na kukuua. Wachezaji wengi walilalamika kwamba hayo ni mambo madogo mno ya kumwulia mtu. Lakini hakika ndiyo mambo ambayo askari hufundishwa miezi mingi chuoni. Mchezo ule ulitungwa na watu wachache tu, na thamani yake ilitoka katika miaka ya mtu mmoja barabarani.

Nikifika hapo msikilizaji angeweza kusema, vema, lakini mambo ya 1987 si ya leo. Basi na tumtazame Bwana Lucas Pope. Huyu alikuwa akifanya kazi katika kampuni kubwa ya michezo huko Marekani, akaiacha, akahamia Japani. Aliposafiri huku na huku aliwatazama maofisa wa viwanja vya ndege wanavyopekua pasi, akaona kwamba kazi ile, ambayo sisi abiria tunaiona kavu kabisa, yaweza kuwa mchezo. Akautunga peke yake, karibu kila kitu kwa mkono wake: programu, picha, muziki. Uliitwa Papers, Please, ukatoka mwaka 2013. Mwaka 2014 ukapata tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa michezo ya mikakati na ya kuiga kazi, na kufikia mwaka 2023 nakala milioni 5 zilikuwa zimeuzwa. (Tazama, nimerudia kosa langu la kutaja tuzo. Wasomaji wanisamehe.)

Katika mchezo huo wewe ni ofisa wa mpakani katika nchi ya kubuni, mwaka 1982. Una kibanda, meza, mihuri miwili, na foleni ndefu nje. Kila msafiri anakupa karatasi zake, nawe unatazama tarehe, jina, picha, muhuri wa mji. Unalipwa kwa kila mtu uliyemshughulikia bila kosa. Makosa mawili ya kwanza katika siku ni onyo tu, lakini la tatu unakatwa. Jioni unalipa kodi, chakula na kuni za moto, na nyumbani kuna mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Mdahaloni niliambiwa kwamba ofisa wa mpakani si polisi, na kwamba nimeleta ng'ombe katika mnada wa mbuzi. Sikubaliani. Anaweza kumpekua mtu, kumwita askari amkamate, kumrudisha alikotoka. Mwenye mamlaka hayo juu ya mwenzake anafanya kazi ya polisi, awe amevaa kofia gani.

Siku ya tano hivi ya mchezo anakuja mwanamume mwenye karatasi zilizo sawa. Unampitisha. Anapoondoka anakuambia kwamba mke wake yuko nyuma yake, tafadhali umtendee wema. Mke anafika, naye hana kibali cha kuingia. Hakuna muziki wa huzuni unaopigwa wala picha ya machozi. Kuna mihuri miwili tu juu ya meza, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu, na foleni inangoja. Nitarudi kwa mama huyu.

Sasa nisimulie jambo la nyumbani. Baba yangu ni askari polisi, cheo chake sajenti, naye amekaa kazini miaka 22. Tumekaa katika kota za polisi za wilaya tatu. Sisi watoto tumezoea kuona sare ikianikwa, lakini habari za kazi hatukuwahi kuzisikia. Akirudi hula, hulala, au huenda kuwatazama kuku wake. Nilipokuwa mdogo wenzangu walinitaka niwasimulie jinsi baba anavyokamata majambazi, nami nikawatungia uongo, kwa kuwa sikuwa na kweli yoyote ya kuwapa.

Hata Jumapili moja ya likizo alirudi kutoka zamu ya asubuhi akanikuta sebuleni nacheza This Is the Police. Mchezo huu ulitengenezwa na studio ndogo iitwayo Weappy, ya Minsk katika nchi ya Belarus, kwa kuanzia na michango ya wachezaji wenyewe, ukatoka mwaka 2016. Wewe ni Jack Boyd, mkuu wa polisi wa mji wa Freeburg, umebakiwa na siku 180 kabla ya kustaafishwa, nawe unataka kukusanya dola 500,000 kabla siku hizo hazijaisha, kwa njia safi au chafu. (Una maneno makali, na si wa watoto wadogo.) Mji wenyewe huuoni kwa miguu. Umewekwa mbele yako kama mfano wa mbao juu ya meza, na simu zinapoingia taa inawaka mahali pa tukio. Kazi yako ni kuchagua: nani aende, wangapi waende, nani amechoka, nani ni mlevi, na simu ipi ni ya uongo.

Baba aliketi na kikombe chake cha chai. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama kioo kwa muda.

"Wako wangapi zamu hii?" akauliza.

"Wanane, baba."

"Na magari?"

"Magari hayahesabiwi. Wanahesabiwa askari tu."

"Basi hao ni matajiri," akasema, akacheka. Kisha akaweka kikombe chini, akanisogeza, akashika yeye.

Alicheza polepole sana. Mimi huwa nawatuma askari wote haraka ili nipate sifa nyingi. Yeye kila mara aliwaacha wawili kituoni. Ikaja simu ya wizi wa benki, nayo ilihitaji watu wengi. Akatuma waliokuwapo, lakini wale wawili hakuwagusa. Wezi wakatoroka.

"Baba, si una wawili hapo?"

"Hao ni wa simu inayofuata."

"Huenda isije."

"Huja," akasema.

Ikaja kweli, nao akawatuma, na ikawa ni simu ya uongo: mtu alikuwa amesikia paka darini, au kitu cha namna hiyo. Siku ikaisha vibaya, na Bwana Boyd akakemewa na ofisi ya meya. Nilifikiri baba angecheka. Badala yake aliendelea kuutazama ule mji wa mbao, ndipo akanisimulia, bila kunitazama, habari ya kituo kimoja kidogo alichowahi kukaa kabla mimi sijaanza shule.

Gari lilikuwa moja. Usiku mmoja mwenye duka alipiga simu akipiga kelele kwamba duka lake linavunjwa, nayo sauti ya mabati ilisikika kwenye simu. Baba ndiye aliyekuwa kaunta. Akawatuma wote waliokuwapo, na gari, akabaki peke yake na mahabusu mmoja. Haijapita robo saa akafika kijana mmoja kwa baiskeli, anahema, akisema kwamba nyumba ya jirani yao mume anampiga mkewe, na safari hii si kama siku nyingine. Baba hakuweza kuondoka, maana askari hawezi kuacha kituo wazi na mtu ndani ya mahabusu. Alijaribu kuwapata wenzake kwa simu, hapakuwa na mtandao kule walikokwenda. Walirudi baada ya saa moja na nusu. Wezi wa dukani walikuwa wamekwisha kukimbia tangu mwanzo, kabla hata gari halijafika.

"Na yule mama?" nikauliza.

"Alizikwa Alhamisi. Nilikwenda."

Nilinyamaza, naye akanyamaza. Kisha akasema, "Hakuna aliyeniuliza kitu. Kitabuni kila kitu kilikuwa kimeandikwa sawasawa." Akanywa chai yake iliyokuwa imekwisha poa, akatoka kwenda kuwatazama kuku.

Sitaki msomaji adhani kwamba naieleza habari hii ili kumwonea huruma baba, wala kwamba yeye aliniruhusu kwa moyo mwepesi kuiandika. Nilimwomba ruhusa, akafikiri siku mbili, akakubali mradi nisitaje mahali. Naieleza kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Watu wachache wa Minsk, wasiomjua baba yangu na wasiowahi kukanyaga kwetu, walitengeneza meza, simu na askari wasiotosha, na vitu hivyo vitatu vikatoa kinywani mwa baba neno ambalo sisi wanawe hatujawahi kulisikia kwa miaka 17. Haukuwa uzuri wa picha, kwa kuwa picha zenyewe zinaonyesha watu wasio na nyuso. Na nina hakika angekuwa amenikuta ninafukuza magari katika mji wa mamilioni ya dola, angepita moja kwa moja kwenda kubadilisha nguo.

Tangu siku hiyo baba alikuwa akija kutazama jioni, ingawa alijifanya ametafuta redio yake. Siku nyingine tulicheza 911 Operator, mchezo wa studio ya Jutsu Games ya Poland, uliotoka mwaka 2017. Hapa wewe ni mpokea simu za dharura, na mchezo unaweza kutumia ramani za miji ya kweli ya duniani. Kaka aliiweka ramani ya Dar es Salaam, tukaona barabara tunazozijua kwa majina, lakini wapigaji simu wote ni Wamarekani, wanaripoti moto kwa Kiingereza cha puani. Tulicheka sana. Kisha ikaingia simu ya mwanamke anayeagiza piza. Mimi nilikuwa karibu kumkatia, maana simu za mzaha zimo. Baba akasema, "Usikate. Mwulize kama yuko na mtu." Na kweli, alikuwa na mtu aliyemtisha, na kuagiza piza kulikuwa ndiyo njia yake pekee ya kuomba msaada. Nilipomwuliza baba amejuaje, alisema tu kwamba mwenye njaa hapigi simu polisi.

Beat Cop hakuupenda. Huu nao ni wa Poland, wa studio iitwayo Pixel Crow, mwaka 2017. Mchezaji ni Jack Kelly, mpelelezi aliyeshushwa cheo na kurudishwa kupiga doria kwa miguu katika mtaa mmoja wa Brooklyn, New York, miaka ya 1980. Mtaa mmoja tu! Hapo tena naona akili ya wadogo: hawakuweza kujenga mji, wakajenga mtaa, na kwa kuwa ni mtaa mmoja unamjua kila mwenye duka. Unakagua magurudumu yaliyokwisha na taa zilizovunjika, unaandika faini, na mkubwa wako anataka idadi kila siku. Kelly anadaiwa fedha na mke waliyeachana, na mshahara hautoshi. Dereva mmoja alinipa noti ili nisimwandikie, nami nikaipokea, baba akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Masikio yaliniwaka moto.

"Huanza hivyo," akasema. "Si kwa tamaa. Kwa deni."

Kilichomuudhi hakikuwa hilo, bali mzaha wa mchezo wenyewe, kwamba kila mtu mtaani ni kichekesho. Na hapa sina budi kumpa rafiki yangu wa mdahalo haki yake, ingawa si kwa sababu aliyoitoa yeye. Wapoland wametengeneza Brooklyn, na watu wa Minsk wametengeneza mji wa Kimarekani wa kubuni. Polisi wao wametoka katika filamu na tamthilia za televisheni za zamani kuliko katika kituo chochote. Kila mkuu wa polisi ana koti refu na sauti nzito, na kila mji una majambazi wa Kiitaliano. Baba aliuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu: "Mbona hawa hawaandiki?" Alisema nusu ya zamu ni kalamu. Maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya shahidi, mchoro wa ajali, na mtu akija kesho kukana, ni karatasi ile itakayosimama mahakamani. Nikamwambia kwamba upo mchezo wenye kuandika, Police Simulator: Patrol Officers, wa studio ya Aesir Interactive ya Munich, uliokamilika mwaka 2022. Huo si wa studio ndogo sana, lakini si wa majitu pia. Unaanza kwa miguu kwa kuandikia magari yaliyoegeshwa vibaya, na gari la doria unapewa baadaye. Kwenye ajali unapiga picha, unahoji mashahidi na kuandika taarifa. Tena una alama za mwenendo: ukimpekua mtu bila sababu au ukitumia nguvu isiyostahili zinapungua, na zikiisha zamu yako imekwisha. Baba alitaka kuuona, ila kompyuta ya kaka haina nguvu ya kuuendesha, tukabaki na maneno.

Na hilo ndilo jambo ambalo mdahaloni hakuna aliyelitaja, wala upande wangu. Michezo ya studio ndogo ndiyo inayoingia katika kompyuta zetu. Ule wa Bwana Pope tangu mwaka 2022 unachezwa hata kwa simu. Mji mkubwa wenye mvua na vivuli unataka mashine ya bei ya ng'ombe watatu, na mtoto wa sajenti hana.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, nitajibu kwamba waweza, tena vizuri kuliko wakubwa, ikiwa watajua kazi yenyewe. Mwaka 2025 studio ndogo ya Uingereza, Fallen Tree Games, ilitoa The Precinct, nayo ikathubutu kujenga mji mzima, wa mwaka 1983, kwa kuutazama kutoka juu kama ndege. Kaka ameahidi kuutafuta. Nitakalolitazama kwanza si magari. Nitatazama inakuwaje simu mbili zikiingia pamoja.

Usiku wa mwisho wa likizo baba mwenyewe aliomba Papers, Please. Nilimwelekeza mihuri, akakaa wima kama yuko kaunta. Alikuwa makini mno na hakupata kosa hata moja, ingawa watu aliowahudumia walikuwa wachache na mtoto wake wa mchezoni alilala na baridi. Hata akafika yule mwanamume, akampitisha, kisha mke. Baba akasoma karatasi zake mara mbili. Akatazama kitabu cha sheria. Mkono ulikuwa kwenye panya, haukwenda kijani wala hauendi kwenye wekundu, na saa ya mchezo ilikuwa ikitembea. Ndipo umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ya kaka ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo kila kitu kikazimika, tukalala.

Umeme ulirudi usiku wa manane, na mimi, nikiwa sina usingizi wa safari, niliianza siku ile upya peke yangu.

Asubuhi alinisindikiza stendi akiwa na sare, maana alikuwa akipitiliza kazini. Tulisimama kando ya basi tukingoja utingo afungue buti. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida: nisome, mtihani wa Novemba si mbali, nisipoteze blanketi kama mwaka jana. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Yule mama ulimpitisha?"

"Nilimpitisha, baba."

"Wakakukata?"

"La. La kwanza ni onyo tu."

Akaitikia kwa kichwa. Utingo akafungua buti, baba akalinyanyua sanduku langu yeye mwenyewe, akalisukuma hadi ndani kabisa, nyuma ya magunia.